Salamu Nne za Rosina

Simu ilitetemeka ndani ya kikombe cha bati, na kikombe kikagonga ukuta. Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha, jogoo hawajawika. Tulikuwa tumekitundika kikombe kwenye msumari juu ya mlango, maana katika boma letu lote ni pale tu mtandao ulipofika.

"Haloo."

"Shikamoo bibi. Naitwa Rosina. Niko Korogwe, hospitali, wodi ya wanawake. Kitanda changu kimepakana na cha mjukuu wako, Nkoile."

Sikuitikia marahaba.

"Anaumwa nini?"

"Kifua, bibi. Wamemleta juzi kutoka shuleni. Anahema kwa shida, hawezi kusema na simu. Lakini anawaulizia ninyi."

"Muulize ng'ombe wake anaitwa nani."

Nikasikia minong'ono, halafu yule mwanamke akarudi. "Anasema Narok."

"Mwizi wewe!" nikamwambia. "Mwanamke mzima, na sauti nzuri hivyo! Wewe hukuzaa?"

Nikakata simu, nikairudisha kikombeni, nikaenda kukamua.

Inanibidi nieleze kwa nini nilisema vile, maana mimi si mtu wa kutukana watu.

Nkoile nilimlea mwenyewe. Mama yake alifariki akimzaa, na mwanangu Moreto akaniwekea mtoto mapajani, akasema, "Yeyo, huyu ni wako." Yeyo kwetu ni mama. Nkoile alikuwa na kifua kibovu tangu utotoni. Usiku wa baridi nilimlaza ameegemea tumbo langu, nikihesabu pumzi zake mpaka nipitiwe na usingizi. Alipofaulu kwenda sekondari Korogwe, wa kwanza katika ukoo, Moreto akanunua simu ili tusimpoteze. Ilikuwa mwaka 2005, biashara huria imeshafika mpaka huku Handeni, na duka la Hiza pale mjini lilijaa simu na vocha kuliko chumvi.

Mimi nami nilisoma kisomo cha watu wazima, na Moreto alishinda machungani, kwa hiyo simu nikakabidhiwa mimi.

Siku moja akapiga kijana. Akasema samahani mama, nimekosea namba. Lakini hakukata. Akaniamkia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akanyamaza kungoja.

Kwetu wafugaji, mtu akikuuliza habari huwezi kumjibu "nzuri" ukamwacha. Ni kama kumpokea mgeni ukamnyima maziwa. Unampa habari zote: mvua imefikia wapi, nani amezaa, nani anaumwa, ng'ombe wakoje. Nikampa. Nikamwambia Moreto yuko machungani, Nkoile yuko Korogwe kidato cha pili, kifua kilimsumbua masika lakini sasa hajambo. Nikamwambia Narok, ng'ombe wa Nkoile, ana mimba. Aliitikia kila neno, "Eee, mama. Eee." Nilipoirudisha simu nikamwambia Moreto, "Leo nimeongea na kijana mwenye adabu."

Baada ya wiki mbili akapiga mwalimu. Sauti ilikuwa nyingine, nzito. Nkoile amebanwa na kifua, yuko hospitali, hawezi kuongea, dawa lazima inunuliwe leo. Alimtaja Moreto kwa jina. Akasema, "Mtoto katika homa anamtaja Narok." Ningemkataaje mtu anayemjua Narok?

Moreto alimpeleka Narok mnadani siku ileile, na mimba yake. Fedha zote akanunua vocha kwa Hiza, maana wakati ule hivyo ndivyo tulivyopelekeana fedha: unakwangua vocha, unamsomea mwenzako namba. Hiza alimwambia, "Moreto, ndugu yangu, ungepiga kwanza shuleni." Moreto akasema mtoto anakufa, wewe unaniambia nipige wapi? Akazisoma namba amesimama pale kaunta mpaka sauti ikamkauka. Zilibaki vocha tatu hazijakwanguliwa wakati simu ya yule mwalimu ilipozimwa. Hiza alizipokea zile tatu, akarudisha fedha, wala hakusema nilikuambia.

Kesho yake Moreto akafika Korogwe. Akamkuta Nkoile darasani, mzima, anaandika. Alimshika kichwa mbele ya wenzake akalia. Kisha akaenda kwa mwalimu mkuu akamwambia, "Kuanzia leo, jambo lolote la mtoto wangu liandikiwe barua, ipigwe muhuri, apewe kondakta wa basi aiache dukani kwa Hiza. Simu hatutaiamini tena." Mwalimu akakubali, akaandika kwenye daftari lake.

Kwa hiyo Rosina alipopiga, mimi nilikuwa nimejiandaa. Lakini nilijiandaa na nini? Kila swali nililoweza kuuliza, jibu lake nilikuwa nimekwisha kuligawa. Kifua, Narok, jina la Moreto, vyote mwizi alikuwa navyo. Mkweli na mwongo wangenijibu vilevile.

Alfajiri ya pili kikombe kikagonga tena.

"Shikamoo bibi. Ni mimi Rosina. Usikate. Simu si yangu, ni ya muuguzi wa zamu ya usiku, ananiazima kabla hajaenda nyumbani."

Safari hii Moreto alikuwapo. Akaichukua simu. "Mama, sisi ng'ombe hatuna tena. Mlishamla. Tafuta wengine."

"Sitaki kitu, baba. Njooni tu."

Alipokata nilimwambia, "Moreto, huyu hajaomba hata shilingi. Yule wa kwanza aliomba kabla sijamaliza kushtuka."

"Wamejifunza, Yeyo. Leo anasema njooni. Kesho atasema tumeni."

"Na kama ni kweli?"

"Shule ingeandika. Tulikubaliana."

Ni kweli walikubaliana. Siku nzima nilikwenda mlangoni na kurudi, na simu niliiacha palepale.

Alfajiri ya tatu Rosina aliongea kwa haraka, kama mtu anayejua atakatwa. "Shikamoo bibi. Haya, mimi ni mwizi. Hata kama mimi ni mwizi, wewe njoo utazame, halafu unitukane hapa hapa kitandani."

Nilishika simu sikioni. Nilisikia wodi nyuma yake, mtu akikohoa. Sikujua ni nani anayekohoa. Nikakata.

Barua ililetwa mchana wa siku hiyo. Kondakta alikuwa ameiacha kwa Hiza siku tatu nyuma, na Hiza, akijua simu hatuiamini tena, akawa anangoja mtu wa upande wetu apite. Hakupita mtu. Mwishowe alifunga duka akaileta mwenyewe kwa baiskeli, mwendo wa saa nne juani. Alipoona uso wa Moreto akisoma kwamba Nkoile amelazwa kweli, hakuomba hata maji. Alimpandisha nyuma ya baiskeli, mimi nikafuata kwa miguu mpaka barabarani, tukapata lori la mkaa.

Tulifika Korogwe asubuhi iliyofuata. Muuguzi alituongoza mpaka wodini. Kitanda alichotuonyesha kilikuwa kimetandikwa shuka safi, hakuna mtu. Akamshika Moreto mkono, akamtoa nje. Nikamwona Moreto kwenye ukumbi akijifunika shuka lake mpaka kichwani, amesimama wima.

Mimi nilibaki. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mama mnene wa Makuyuni, Mshambaa, mguu mmoja umekatwa chini ya goti.

"Shikamoo bibi," akasema.

Niliitambua sauti. "Marahaba," nikamwitikia. Ilikuwa mara ya nne kuniamkia.

"Amekwenda jana, jua linazama. Hakuwa peke yake. Nilimshika mkono, vitanda vyenyewe vimekaribiana."

"Aliniulizia?"

"Kila siku. Nilimwambia uko njiani. Nilimwambia basi limeharibika, linatengenezwa. Akacheka kidogo, akasema bibi hawezi basi, hutapika." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilimdanganya, bibi. Unisamehe."

Mimi ndiye niliyekuja na neno hilo la unisamehe mdomoni tangu barabarani, na yeye akawa wa kwanza kulisema. Nikaketi kwenye kitanda cha Nkoile. Rosina akavuta mto wake, akatoa chini yake daftari na ushanga niliomtungia mimi. Alikuwa amevificha visipotee. Pembeni palikuwa na kikombe chake cha uji, kimepoa. Akanisukumia.

"Kunywa. Umetoka mbali."

"Wewe watu wako wako wapi?"

"Wanangu wako Mazinde, kwenye katani. Ruhusa hawapewi."

Nilikunywa nusu, nikamrudishia nusu. Nje niliwasikia wauguzi wakizungumza na Moreto habari za gari la kumbeba mtoto. Nikasimama, nikafunga daftari na ushanga ndani ya shuka langu.

Rosina akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Bibi," akasema, "mkishamzika, utakuja tena kuniona?"