Stesheni ya Suga

Vumbi kwanza. Kabla hujaona bati, kabla hujasikia mbuzi, vumbi jekundu linakupokea njiani, linaingia kwenye chai, kwenye ushungi, kwenye meno. Ukitoka Garissa kwenda Wajir utalikuta tu, limekaa. Ndilo abiria pekee aliyewahi kushuka stesheni ya Suga.

Stesheni, ndiyo, umesikia vizuri. Usitafute reli, hakuna. Usitafute jengo, hakuna. Kuna vigingi vinne vya saruji vilivyopakwa rangi nyekundu, na katikati ya vigingi hivyo ni uwanja wa Timiro, mjane mwenye mbuzi na ulimi usiojua kubembeleza mtu. Garimoshi halijaja.

Hata jina lenyewe ni kosa. Wapima ardhi walipofika, miaka kumi na mitatu iliyopita, walimkuta mzee Keinan, baba mkwe wa Timiro, anahangaika na ngamia aliyegoma kupiga magoti. Hapa panaitwaje, mzee, wakauliza kwa Kiswahili. Naye, jasho linamtoka, kamba mkononi, akawajibu kwa Kisomali bila kugeuka: suga. Yaani ngojeni. Wakaandika, wakashukuru, wakaenda zao. Ngamia alipotulia, mzee akageuka awatajie jina, akakuta gari limeshafika barabarani.

Basi kijiji chenye jina lake la tangu mababu kikaitwa Ngojeni, na kikangoja kweli.

Wapima ardhi waliacha amri moja: ndani ya vigingi mtu asijenge, mtu asichimbe. Na Timiro alitaka kuchimba. Hakutaka makubwa. Alitaka berkedi, lile shimo pana la kukinga maji ya mvua, lisakafiwe saruji, lifunikwe miiba, mbuzi wanywe mpaka kiangazi kiishe. Uwanja wake uko bondeni, mvua ikinyesha maji ya kijiji kizima yanapitia mlangoni kwake. Marehemu mumewe alishachora mipaka ya shimo kwa fimbo, akafa kabla ya kupiga sururu la kwanza. Sururu likabaki limeegemea ukuta.

Kila mwaka Timiro alipanda gari kwenda Garissa kuuliza. Mkubwa hayupo. Mkubwa yupo ila ana mkutano. Faili liko ghorofa ya juu, na mwenye funguo ameenda Umra. Njoo wiki ijayo, mama, mambo ya reli ni mambo ya subira. Subira huvuta heri, wanasema. Heri ipi hiyo, Timiro alijiuliza akirudi na vumbi lake, na inavutwa kwa kamba gani, mbona haisogei? Kuna methali nyingine, ngojangoja huumiza matumbo, lakini hiyo maofisini hawaijui. Garimoshi halijaja.

Halafu ikaja ile mvua. Mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, mvua ya kuvunja matawi, siku tatu mfululizo. Maji yakapita mlangoni kwa Timiro, mekundu, mazito, yana haraka, naye amesimama kizingitini anayatazama yanavyopita. Mkononi hana hata ndoo ya maana. Yalipita yote. Alilia, na hakujificha.

Baada ya hapo mbingu ikafunga, msimu baada ya msimu. Mbuzi walikuwa sitini na wawili. Walikuwa wanalala chini asubuhi na hawaamki, na yeye anawaburuta mmoja mmoja hadi nyuma ya kigingi cha tatu. Wakabaki saba. Hakuchimba. Ardhi ni ya stesheni, alisema, na mimi si mwizi.

Sasa, juzi asubuhi, nani huyu anashuka kwenye pikipiki akipangusa miwani? Ni Noordin, karani kutoka Garissa, ametumwa na ofisi ya mradi kuandika kitabu cha historia ya stesheni. Timiro akampa chai ya maziwa, maana mgeni ni mgeni hata akija na upuuzi.

"Eedo," Noordin akasema, kwa heshima, kama anavyomwita shangazi yake, "nisimulie historia ya stesheni ya zamani."

"Ya zamani? Hata mpya hatujaiona."

"Kwani hamkuambiwa?" Akafungua ramani juu ya mkeka. "Reli ilisogezwa, itapita karibu na mto. Suga ilifutwa."

"Lini?"

Karani akafuata mstari kwa kidole. "Elfu mbili na kumi na nane."

Timiro akaweka kikombe chini. Kumi na nane. Kumi na tisa maji yamepita. Hakuhitaji kuambiwa hesabu hiyo na mtu. Mwaka mzima kabla ya mvua ile uwanja ulikuwa wake, na yeye alikuwa anaulinda kwa niaba ya garimoshi lililokwisha kugeuza njia.

"Mbona hatukuletewa habari?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na wanaomjua Timiro wangeiogopa.

"Walaahi barua ilitumwa, Eedo. Nakala ninayo hapa." Akaisoma kwa sauti, kuanzia juu. "Kwa Mkuu wa Stesheni, Suga." Kisha akainua macho. Akatazama kigingi, akatazama mbuzi saba, akatazama mlango wa bati.

Timiro alikuwa ameshasimama. Akafunga kanga kiunoni, akalichukua sururu ukutani, akaenda hadi katikati ya uwanja, akakanyaga mahali mumewe alipoanzia mstari.

Karani akabaki na kalamu hewani. "Sasa Eedo, nikirudi ofisini niandike nini?"

"Andika mkuu wa stesheni amepata barua," Timiro akasema, akainua sururu.