Benchi la Chumba cha Pasi

Chumba cha pasi katika kiwanda cha mashati kilikuwa na meza sita, mvuke usioisha na benchi moja karibu na mlango. Mpiga pasi wa meza ya tatu alikuwa akiumwa mgongo, mwaka wa nne sasa. Muuguzi wa zahanati, aliyeishiwa dawa, alimwambia, "Dada yangu, kaa kitako, fumba macho, fuata pumzi yako. Usipigane na maumivu. Yatazame tu."

Akawa anakaa benchini kila mapumziko, ametulia tuli. Siku ya tisa maumivu yakamtoka, yakaketi kando yake. Yalikuwa na umbo lake, gauni lake, hata kovu lake la kidevuni, ila yalikuwa yamepinda mgongo na hayakupepesa macho. Yeye akasimama wima, akarudi mezani. Yenyewe yakabaki yakimtazama.

"Wifi, hayo yako hayachoki kuinama?" aliuliza wifi yake wa meza ya nne.

"Ndiyo kazi yake."

Jioni aliyavaa kama koti, kwa kuwa haikuruhusiwa kuacha kitu kiwandani, na asubuhi aliyavua tena benchini. Kila jioni yalizidi uzito.

Msimamizi alipomwona amenyooka, alifurahi. "Mama, naona umepona. Tutakuongezea mzigo kidogo."

Ukaongezwa, wala si kidogo.

Asubuhi moja pasi ilimkalia mkono wa kushoto. Hakuwa na habari. Aliendelea kunyoosha ukosi. Maumivu ndiyo yaliyopiga ukelele kule benchini, mrefu, kwa sauti yake mwenyewe. Wifi akamvuta mkono, ngozi ikabaki kwenye chuma.

Msimamizi alitoka ofisini, akasikiliza mpaka ukelele ukaisha.

"Litoeni benchi hili nje," alisema. "Watu hawafanyi kazi."

Likawekwa nyuma ya ghala. Wakati wa mapumziko mpiga pasi alikwenda huko, mkono umefungwa kitambaa. Aliyakuta maumivu yamejikunyata, yakipuliza kiganja chake yenyewe cha kushoto, nacho kimeungua vilevile. Akaketi, akasaidia kupuliza.

"Poleni," akayaambia.

Wifi akaja taratibu, ameshika kiuno. "Nifundishe na mimi."

"Umeona yaliyonipata."

"Nimeona. Lakini siwezi tena, wifi. Hata kuinama nifunge viatu siwezi."

Mpiga pasi alikitazama kile kiganja kwa muda. Kisha akayasogeza maumivu yake, wifi apate pa kukaa.

"Haya," alisema. "Fumba macho."