Chako

Katika mchezo wetu, badminton ya wawili wawili, kuna maneno mawili tu yenye maana: changu na chako. Kinyoya, kile kipira cha manyoya ya bata, kikipanda juu ya vichwa vyenu, mmoja anaita, mwingine anampisha. Mkinyamaza wote kinaanguka katikati, nanyi mnabaki kutazamana kama majirani waliosahau ni zamu ya nani kufagia ngazi. Mkiita "changu" wote wawili, mnatwangana vidole kwa raketi. Kati yangu na Mwiba, mwenye kuita nilikuwa mimi. Miaka yote hiyo cha katikati kilikuwa changu, na lile neno la pili sikuwahi kulitamka uwanjani hata kwa utani.

Mwiba ni jina alilobandikwa na kocha, kwa sababu anakaa mbele, karibu na wavu, na ukipitisha kitu jirani naye anakuchoma. Mimi nakaa nyuma, napiga kwa nguvu. Watazamaji hawajui jambo moja: mchezaji wa mbele hageuki. Akigeuka, kinyoya kinarudi na kumkuta kisogo, na kisogo hakishiki raketi. Kwa hiyo Mwiba, anayelala chumba kimoja nami safari nzima na anayejua ninavyokoroma, hakuwahi kunitazama tukiwa mchezoni. Alikuwa ananisikia tu.

Asubuhi hiyo niliamka nimechoka. Usiniulize nilianza kuchoka lini. Vyumba vya hoteli vyote vina pazia lile lile zito, birika lile lile linalochelewa kuchemka, na kitanda kinachokulaza bila kukupumzisha. Nilijifungia bafuni, nikafungua bomba ili Mwiba asisikie nikichana plasta, nikaanza kulizungushia goti la kushoto.

Simu ikaita. Mama.

"Bado unapigapiga manyoya, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Bata mwenyewe aliyenyonyolewa ameshapumzika. Wewe je?"

Nilicheka, nikamwambia nitampigia baadaye. Halafu nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea nikalia kidogo, kilio cha uchovu, kile ambacho hakina hata habari ya kusimulia.

"Dada!" Mwiba aligonga mlango. "Umehamia humo? Maji ya hoteli yataisha!"

"Naoga!"

Nikanawa uso, nikavaa suruali ndefu ya mazoezi, nikatoka nikitembea kama mtu mwenye magoti mawili mazima.

Nilikuwa na jingine la kuficha. Jana yake kocha alinivuta pembeni, akasema bila kuzunguka: "Mkitolewa kesho, msimu ujao Mwiba atacheza na yule binti mrefu wa akiba. Wewe utafundisha watoto. Usimwambie kabla ya mchezo, utamvuruga." Nikakubali. Kusema kweli, sikuwa tena na hamu ya vikombe. Nilichotaka ni kulala mpaka nichoke kulala. Lakini Mwiba nilikuwa namtaka. Wazo la yeye kumwambia mtu mwingine kwamba maji ya hoteli yataisha lilinitia wivu.

Wapinzani walikuwa wasichana wawili wenye mapafu mapya kabisa. Seti ya kwanza tuliichukua kwa ujanja. Ya pili walitukimbiza mpaka nikaona nyota. Na ya tatu ilipoanza, Mwiba akanifanyia kioja.

"Changu!" akaita, akirudi kinyumenyume kuchukua kinyoya kilichokuwa kinanijia mimi. Nikampisha kwa mshangao. Kikaja kingine, tena cha kwangu. "Changu!" Na kingine. Hasira zikanipanda. Yaani hata kabla sijafukuzwa, mtoto huyu ameshaanza kurithi!

Tulipobadilisha upande nilimngoja kwenye chupa za maji.

"Wewe, vya nyuma ni vyangu. Umeanza lini kuniibia?"

Alijifuta jasho taratibu. "Nakusikia, dada."

"Unasikia nini?"

"Mguu wako wa kushoto. Zamani ulikuwa unakanyaga. Siku hizi unakanyaga, halafu unaburuta. Tangu msimu uliopita."

"Na umekaa kimya?"

"Nilikungoja useme mwenyewe. Kila asubuhi unafungua bomba, unasema unaoga, na sabuni haipungui. Mimi ni wa kudanganywa na bomba?"

Akainamisha kichwa, akashusha sauti.

"Na kocha ameshanigusia habari za yule binti mrefu, zaidi ya mara moja. Nimemwambia simtaki. Kwa hiyo jikaze, tumalize hii, twende tukalale."

Tukarudi. Nilijikaza mpaka meno yakauma. Niliita changu, nikapiga, nikaburuta mguu, nikaita tena. Mwiba naye akazidi kurudi nyuma kunisaidia, na kila aliporudi alikuwa anaacha wazi pale mbele panapompa jina. Niliona waziwazi: mchezaji bora kuliko wote niliowahi kusimama nao alikuwa anajiharibu ili nionekane mzima. Hilo liliniuma kuliko goti.

Ikafika mahali wapinzani wakawa wanahitaji pointi moja tu. Kinyoya kikapanda juu sana, katikati kabisa, kikawa kinashuka bila haraka. Cha kwangu, cha miaka yote. Ningekifikia? Ningekifikia, na kesho ningeanza upya na plasta na bomba, naye angeanza upya kunibeba.

"Chako!" nikaita.

Alikuwa mahali pazuri. Angenyoosha mkono tu. Badala yake Mwiba, ambaye hageuki, aligeuka. Akaniangalia: nimesimama, mikono miwili nimeiweka kwenye goti, raketi imening'inia, sikujaribu hata kujificha. Akaniangalia muda wote ambao kinyoya kilihitaji kufika chini. Kiliangukia kati yetu, kwa kishindo kidogo ambacho ukumbi mzima haukukisikia kwa kelele za kuwashangilia wale wasichana.

Kule kwenye kiti chake kocha alikuwa ameshika kichwa. Tulikuwa tumetolewa.

Nikainama kukiokota kinyoya. Goti likakataa katikati ya safari.

"Acha, dada," Mwiba alisema. "Changu."

Akakiokota, akatangulia kwenda kumpa mwamuzi mkono. Mimi nikamfuata kwa nyuma, mahali pangu pa siku zote, nikiburuta mguu bila aibu. Hakugeuka tena. Uso wake sikuuona, lakini alikuwa analia. Nilimsikia.