Hoja ya Bi Eulene

Wazungu wa kanisa la Bethabara wanajua kulia. Jumapili ile kanisa zima lililia, leso mikononi, nami Vernell Tolbert nimekaa mbele bila viatu, Shemasi Harlan Stroud akiniosha miguu. Mwingine angesema ni machozi ya mamba. Hapana, yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.

Sisi Wabaptisti wa huku Georgia huoshana miguu mara moja kwa mwaka, weusi kwao, weupe kwao. Mwaka huu mchungaji wao kijana alitualika tuoshane pamoja, tupatane. Nikamwambia sawa, ila kuna jambo. Mwaka 1963 kanisa lake lilipiga kura kwamba mtu mweusi asikanyage mle ndani. Kaka yangu Lucius, kijana wa miaka ishirini na miwili, alipokanyaga waliita polisi. Kura ile haijafutwa mpaka leo, na Lucius aliapa hataingia mpaka ifutwe. Sasa moyo wake ni mgonjwa, na daktari hatufichi kitu. Mchungaji akaahidi hoja ya kuifuta itatolewa siku hiyohiyo ya kuoshana. Lucius akavaa suti, akasubiri kwenye gari.

Harlan alinipangusa kidole kimoja kimoja. Alininong'oneza kwamba aliyepiga simu polisi ni baba yake, na kwamba jambo hilo humkosesha usingizi. Nikamwamini.

Mchungaji alipouliza kama kuna hoja, Bi Eulene, ajuza wa miaka tisini na moja, alisimama na mkongojo wake. "Natoa hoja tuifute ile kura. Nilikuwepo. Nilinyoosha mkono. Ilikuwa dhambi."

Kwao hoja haipigiwi kura mpaka muumini mwingine aiunge mkono. Mimi mgeni sina sauti, na mchungaji anayeongoza kikao haruhusiwi. Akauliza nani anaunga mkono. Akauliza tena. Waliokuwa wakilia wakaanza kupekua mikoba.

Harlan alikuwa bado amepiga magoti, taulo kiunoni.

"Kaka Harlan," nikamwambia, "ni neno moja tu."

"Dada Vernell, tukiifuta ni kama kusema wazee wetu walikuwa watu wabaya. Mama yangu amezikwa hapo nje." Akashusha sauti. "Si nimeshakuosha miguu? Unataka nini tena?"

"Nilikuja nayo safi," nikamjibu.

Mchungaji akatangaza kwamba hoja imeanguka, akaanzisha wimbo. Bi Eulene alibaki amesimama peke yake. Harlan akakaa kitini, akavua soksi, akanyoosha miguu kwenye beseni, maana ilikuwa zamu yangu kumwosha. Nikachukua viatu vyangu nikatoka.

Lucius alikuwa ameshafungua mlango wa gari, mguu mmoja chini, tai imekazwa vizuri. Alinitazama usoni. Akaurudisha mguu ndani, akafunga mlango.