Dakika Kumi na Moja za Nyanchera

Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, manyunyu yalikuwa yakiangukia mashamba ya chai ya Magwagwa, na fundi Machogu alikuwa amepiga magoti mbele ya inveta ya zahanati, mashine inayogeuza umeme wa betri uwashe taa, akisahihisha kosa lake mwenyewe.

Kosa lilikuwa hili. Inveta hutoa umeme kwa mapigo, maelfu kwa sekunde, na kompyuta ndogo iliyomo ndani huupima mkondo ili iamue pigo lijalo lidumu kwa muda gani. Machogu alikuwa ameiagiza ipime mara moja tu, katikati ya kila pigo, mahali palipotulia. Januari, saa moja jioni, betri zilizochoka zilijikaza zilipokuwa zikipimwa, zikalegea zilipokwisha kupimwa. Taa ya chumba cha kujifungulia ilizimika dakika kumi na moja, na Nyanchera wa Sironga akafa na mtoto wake. Kumbukumbu ya inveta ilionyesha kwamba umeme ulikuwepo.

Shule ya bweni ilimfunza Machogu kwamba mkosaji hujitaja kabla hajatajwa. Aliibadilisha kompyuta ipime mara mbili: katikati ya pigo, na katikati ya kimya kinachofuata. Alipoiwasha, Nyanchera alionekana ameketi kwenye benchi karibu na mizani ya watoto, katika gauni la maua alilozikwa nalo.

“Uko hapa tangu lini?” aliuliza muuguzi Persis, akikamua tambara.

“Tangu siku ile. Mlikuwa mkitazama kwenye pigo tu; mimi nilikuwa kwenye kimya.”

“Basi inua miguu, dada, nipige deki. Makori anakuja.”

Bwana Makori, mkaguzi wa zahanati, hufika Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa nne kamili, betri zikiwa bado zina nguvu. Hajawahi kuchelewa. Alimkuta Phanice, mwenye mimba ya miezi minane, akisubiri kliniki akiwa amesimama, kwa kuwa benchi ni moja, na Nyanchera ameketi katikati yake.

“Bwana Makori,” alisema Machogu, “kosa la kwanza ni langu, nami nimelisahihisha. Sahihisha lako. Andika zile dakika kumi na moja, betri mpya ziletwe kabla Phanice hajajifungua.”

Makori alibonyeza swichi. “Inawaka.”

“Inawaka saa nne. Njoo saa moja jioni.”

“Fundi, saa moja jioni mimi niko kwangu Nyanchwa, nakula. Wewe huli?”

Nyanchera alisimama. “Tata Makori, baba yangu, nakudai dakika zangu. Sitaki zirudi. Nataka ziandikwe.”

Makori alipitisha kidole kwenye daftari la wagonjwa. “Mama, umejiandikisha leo?”

“La.”

“Basi mimi nitaandikaje?”

“Mwandikishe sasa!” alisema Persis. “Si huyu hapa, amesimama mbele yako?”

“Mimi huandika ninachokikuta, sista. Nimekuta taa inawaka.”

Machogu alimtolea kalamu yake mwenyewe. Makori aliitumia. Aliandika kwamba taa ni nzuri, akapiga muhuri, akairudisha kalamu na kusema waziwazi kwamba dakika hizo hadaiwi yeye na hatazilipa. Kisha akapanda pikipiki.

Nyanchera aliketi. Baada ya muda alisogea hadi mwisho wa benchi, akampa Phanice nafasi ya kuketi.