Raia Wanaoguswa: Hakuna

Mgeni hakuwa na miadi. Aliketi mapokezi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akamwambia mlinzi hatoki mpaka aonane na mtu. Aliyetumwa kumsikiliza ni binti wa dawati la faragha, linalolinda taarifa binafsi za watu, ambaye wenzake walimwita Maswali kwa kutochoka kuuliza.

Mama yule alikuwa fundi cherehani. Kila shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi zaidi ya mia humtumia malipo ya sare. Safari hii benki ilishtuka, ikamfungia akaunti bila maelezo. Alikuwa amesikia kwamba ofisi hii ndiyo hupelekewa taarifa za miamala inayotiliwa shaka.

"Niambie, mwanangu. Nimo humo ndani?"

Maswali akaeleza kwa upole kwamba sheria inamkataza kumwambia mtu yeyote kama ametajwa, hata angekuwa mama yake mzazi.

"Haya, usiniambie. Ila kama nimo kwa kosa la kushona, nitakaa humo mpaka lini? Na nani wa kunitoa?"

Maswali hakujua, na kutojua kulimwasha. Akaahidi kuliandika swali hilo mahali ambapo lazima lijibiwe.

Mezani kwake ilisubiri tathmini ya faragha ya mfumo mpya, utakaounganisha taarifa hizo za benki zote na namba za simu za watu. Ilibaki saini yake tu. Alipoisoma mstari kwa mstari akagundua kichekesho: ilinakiliwa kutoka tathmini ya mashine ya mahudhurio ya wafanyakazi. Penye "raia wanaoguswa" paliandikwa: hakuna.

Akaipeleka kwa mkuu wa kitengo, akamuuliza mtu akiingizwa kimakosa anatokaje. Mkuu alikuna kichwa. Kwa kweli, alikiri, hilo hakuwahi kulifikiria.

"Andika 'itaamuliwa baadaye', mdogo wangu. Jumatatu tunauwasha. Ukisaini, nami nakusainia barua yako ya ajira ya kudumu, hii hapa."

Mkataba wake wa muda ulibakiza wiki tatu. Maswali aliitazama barua kwa hamu, hata jina lake akalisoma mara mbili. Kisha akafuta neno "hakuna", akaandika swali la fundi kama lilivyotamkwa, na chini yake: mfumo usiwashwe kabla ya jibu. Akasaini.

Mkuu aliisoma tathmini taratibu. Akaiweka kwenye trei ya nyaraka za kupelekwa kwa mkurugenzi, na barua ya ajira akairudisha kwenye droo.