Ngamia Wasio na Wachungaji

Mwaka 1963, zikiwa zimebaki wiki tatu nchi ipate uhuru, lori la ajabu liliingia Garissa kutoka Nairobi. Mbele lilikuwa lori kama malori mengine, lakini nyuma, mahali pa mizigo, lilibeba nyumba ya mbao yenye madirisha mawili, mapazia ya maua na ngazi ya kupandia. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, beseni, na kabati refu lililozibwa kila tundu kwa kitambaa cheusi. Humo ndimo walimosafishia picha.

Mwenye lori aliitwa Vrajlal, Mhindi mwenye studio ya picha Nairobi, naye alisafiri na mkewe Manjula. Walikuwa wamezunguka nchi nzima wakipiga picha za mandhari kwa ajili ya kalenda ya uhuru. Ulikuwa umebaki upande wa kaskazini mashariki tu. Afisa aliyewapa kibali aliwaonya wasitoke mjini bila mwenyeji, na kwa njia hiyo Nunow Kerrow akapata kazi ya siku tatu.

Nunow alikuwa mtu wa makamo. Alikuwa amefanya kazi ya kuchonga barabara kwa miaka kumi na mmoja, na njia ya kwenda Dadaab aliijua kona kwa kona. Lakini wakati ule njia ilikuwa imebadilika tabia. Watu wengi wa upande huo walitaka kujiunga na Somalia, wasibaki Kenya, na vijana walikuwa wakitoweka mmoja mmoja kuingia porini na bunduki. Siku chache kabla ya hapo kituo kimoja cha polisi kilikuwa kimeshambuliwa. Serikali iliwaita vijana hao shifta. Majumbani mwao watu hawakuwaita jina lolote, walinyamaza tu.

"Usiende," Rukiyo, mkewe, alimwambia. "Nani anakwenda porini kupiga picha siku hizi?"

"Nikikataa watamchukua asiyeijua njia, wapotee."

"Wapotee! Kwani wewe ndiye uliyewazaa?" Kisha sauti yake ikashuka. "Kulow naye aliniambia anakwenda Sangailu kuangalia ngamia. Mwezi wa tatu huu, na aliyetoka Sangailu jana anasema hakumwona."

Kulow alikuwa mdogo wake Rukiyo, wa tumbo moja.  Alfajiri Nunow alipanda lori.

Walisimama mara ya kwanza kwenye saa mbili asubuhi. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, na nyika, ambayo sehemu kubwa ya mwaka huwa na rangi ya majivu, ilikuwa imechipua kijani hadi upeo wa macho. Swala twiga wawili walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma wakichuma majani ya juu. Vrajlal alizima injini, akapanda juu ya paa la nyumba yake, akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu.

Nunow alishuka kujinyoosha. Hatua chache kutoka barabarani aliona nyayo. Zilikuwa za ndala za tairi, za watu sita au saba waliokata barabara kuelekea mashariki. Kingo zake zilikuwa kali, maana zilikanyagwa baada ya mvua ya jana. Alitafuta kwato za mbuzi au ngamia kando yake, hakuziona. Wanaume sita au saba wanatembea bila mnyama hata mmoja. Wachungaji hawatembei hivyo.

"Bwana Fraj!" aliita, maana herufi ya v ilimshinda, na p mara nyingine ilimtoka kama b. "Shuka twende. Kuna watu wamebita hapa leo."

"Dakika tano."

"Hawana mifugo, bwana."

"Dakika tano tu, Nunow. Tazama mwanga huu!"

Zikawa ishirini. Muda wote huo Nunow alisimama ameipa bodi ya lori mgongo, akisikiliza. Ndege walikuwa wakilia, na hilo lilimtuliza kidogo.

Saa nne walifika kwenye bwawa kubwa la mvua. Maji yalikuwa yametulia kama kioo, korongo weupe wakitembea pembezoni, na ngamia kumi na wanne walikuwa wameinamisha shingo wakinywa, kila mmoja na kivuli chake chini yake.  Vrajlal alifunga breki na kukimbia na kamera yake kama mtu anayewahi gari moshi. Hata Manjula, mwanamke mpole asiyesema sana, alitoka akashika shavu.

"Subhanallah," Nunow alisema, kwa kuwa palipendeza kweli. Kisha akatafuta wachungaji, na hakuona hata mmoja.

Ngamia hawaendi kunywa peke yao. Alimsogelea aliyekuwa karibu. Alikuwa ametandikwa matandiko ya kubebea mizigo, na shingoni alikuwa na kengele ya mti kama kawaida. Ila haikulia. Nunow aliinama akaona kwamba tumbo la kengele limeshindiliwa nyasi, nyasi mbichi za asubuhi hiyo. Akamtazama wa pili, na wa tatu. Zote zilikuwa zimezibwa. Kengele huvalishwa ngamia ili mtu amsikie anakokwenda. Anayeiziba hataki kusikika.

Hakugeuza kichwa kutazama kichaka cha migunga ng'ambo ya maji. Alihisi kwenye ngozi ya shingo yake kwamba humo mna macho. Alirudi polepole, kama mtu aliyeridhika, akamshika Vrajlal mkono kwa nguvu ambazo hajawahi kumshika nazo mtu mgeni.

"Ingia kwenye gari. Usikimbie. Cheka kidogo, halafu ingia."

Safari hii Vrajlal alimtazama usoni akatii.

Hawakufika mbali. Maili tatu mbele, kwenye udongo mweusi, gurudumu la nyuma lilizama hadi kwenye ekseli. Walichimba, wakakata matawi, wakapiga jeki, na jeki nayo ikazama. Manjula, ambaye mikono yake haikuweza kukaa bure, alijifungia kabatini akasafisha filamu ya bwawani. Alipotoka alikuwa ameshika kwa ncha za vidole kipande kibichi cha filamu kinachonuka siki.

"Njooni," alisema.

Waliitazama negativu dirishani kwa kioo cha kukuzia. Kila cheusi kilikuwa cheupe na kila cheupe cheusi. Ngamia walionekana kama mizimu. Na nyuma yao, chini ya migunga, walikuwapo watu saba. Sita walikuwa wamechuchumaa, bunduki magotini. Wa saba alisimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili ameuegemeza kwenye goti, bunduki ameilaza mabegani na mikono ameining'iniza juu yake. Nunow hakuhitaji kuona sura. Kulow alikuwa akisimama hivyo tangu utoto, na Rukiyo alikuwa akimwita kwa utani jina la korongo.

"Tuwapelekee polisi Dadaab," Vrajlal alisema. "Tukikutwa na kitu hiki na hatukusema, tumekwisha."

"Ukiwapa, watakuja kufagia nchi hii yote. Wataua ngamia, watakamata kila mwanamume."

"Na tusipotoa?"

"Huyu hapa," Nunow alisema, akakiweka kidole juu ya yule mtu wa mguu mmoja, "ni ndugu ya mke wangu."

 Kabla yeyote hajamjibu, Nunow alitambua kwamba ndege nje walikuwa wamenyamaza.

Alitoka nje na kuwakuta watu watatu wamesimama barabarani. Wa mbele alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za hina na bunduki mkononi. Wa nyuma kabisa alikuwa Kulow, amekonda, macho yameingia ndani. Yalipita juu ya uso wa Nunow kana kwamba yanapita juu ya jiwe.

"Assalamu alaikum," Nunow alisema.

"Wa alaikum salaam," alijibu yule mwenye ndevu kwa Kisomali. Wenzake walimwita Adeer Alio, kwa heshima ya baba mdogo. "Mlisimama bwawani. Mliona nini?"

"Ngamia, adeer."

"Wa nani?"

"Sikuuliza."

Alio alitabasamu bila furaha. "Na kile kidude cha huyo Mhindi, chenyewe kiliona nini?"

Nunow alitafsiri. Vrajlal, aliyemfuata nje, aligeuka kumtazama mkewe mlangoni. Hapo Manjula akashuka ngazi, amekumbatia kamera. Alitembea hadi mbele ya Alio, akaufungua mgongo wa kamera na kuichomoa filamu iliyokuwa ndani, futi baada ya futi, akaining'iniza juani.

"Mwambie picha zote zimo humu," alimwambia Nunow kwa Kiswahili. "Zikipigwa na jua, zimekufa."

Filamu ile ilikuwa mpya, haijapigwa kitu. Nunow alitafsiri. Alio aliikanyaga filamu, akachukua kamera, akaigeuzageuza. Haikumtosha.

"Kulow, ingia ndani. Kagua."

Kulow alipanda ngazi. Nunow alisikia nyayo zake sakafuni, akasikia kitanda kikivutwa, kisha mlango wa kabati jeusi ukilia bawabani. Manjula alikuwa ameirudisha negativu humo na kuitundika kwa kibanio. Kama Alio angejua kwamba sura za watu wake zimekwisha kutazamwa, hakuna ambaye angeondoka mahali pale. Nunow alijaribu kusoma shahada kimoyomoyo na akapotea katikati. 

Kulow alitoka anatafuna. Mkononi alikuwa na biskuti.

"Hakuna kitu. Mapazia, sufuria na hizi."

Alimgawia Alio. Alipompita Nunow, harufu kali kama ya siki ilitoka kiunoni mwake, na shuka yake ilikuwa imelowa upande mmoja. Hakugeuka.

Alio alilitazama lori lililozama, akatazama barabara. "Likikaa hapa polisi watakuja kulitafuta. Sukumeni." Akapiga mluzi, na wanne wengine wakatoka vichakani. Wakaweka bunduki chini, wakaweka mabega. Nunow alisukuma katikati yao, bega lake likigusana na la shemeji yake, na katika dakika zile zote hawakuambiana neno. Gurudumu lilipotoka kwa kishindo, mtu mmoja alicheka kwa furaha kama mtoto, kisha akakumbuka mahali alipo.

"Rudini Garissa," Alio alisema. "Nikiwaona tena upande huu sitauliza kitu."

Waligeuza. Vrajlal aliendesha akilia bila sauti.

Walikuwa wamekaribia nusu ya njia walipokutana na gari mbili za polisi zikija. Inspekta kijana, mtu wa bara, alishuka akazunguka lori, akatazama matope yaliyofika hadi sakafuni. Aliwagawia maji ya chupa yake mwenyewe. Askari nyuma walikuwa vijana tu, mmoja anasinzia kwenye bunduki.

"Mmeona watu huko?"

Nunow aliwaza bwawa, na migunga, na watu saba wanaoona kila kinachokuja. Aliwaza shuka iliyolowa. Akisema, Kulow atakufa. Asiposema, huyu anayesinzia hapa huenda asiamke kesho. 

"Barabara haibitiki, bwana," alisema. "Mbele ya bwawa ni matobe mpaka Dadaab. Sisi tumelala humo masaa manne. Gari zenu ni nzito kuliko hii. Mkizama, nani atawatoa?"

"Ninyi nani aliwatoa?"

"Mungu," Manjula alidakia.

"Na kamera yako iko wapi, mpiga picha?"

Vrajlal alifuta uso. Nunow hakuthubutu kumtazama. "Imeanguka bwawani," Vrajlal alisema hatimaye. "Nilitaka picha ya korongo kwa karibu."

Inspekta aliwatazama watatu hao mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu. Nunow aliamini kwamba anajua. Lakini kijana yule aliitazama tena barabara nyeusi iliyo mbele yake, akaitazama saa, na kilichokuwa usoni mwake, Nunow alikuja kusema baadaye, kilikuwa hofu ileile waliyokuwa nayo wao.

"Geuzeni," aliwaamuru madereva wake.

Magharibi ilipoadhiniwa Nunow alikuwa kwake. Rukiyo alimpa chai, naye akakiweka kikombe chini bila kunywa.

"Nimemwona Kulow," alisema. "Yu hai. Ametuokoa."

Rukiyo hakushukuru wala hakulia. "Ukamwacha huko?"

"Nisingeweza hata kumsalimia."

"Ungemshika tu mkono. Ungemshika mkono ukamleta." Alirudia maneno hayo mara nyingi, usiku huo na miaka iliyofuata.

Vrajlal na mkewe waliondoka kesho yake. Kabla ya mwaka kwisha hali ya hatari ilitangazwa, na vita vikaendelea hadi 1967. Amani ilipopatikana watu walianza kurudi na kukabidhi silaha mjini. Rukiyo alikwenda kusimama pale zilipokusanywa kwa siku tatu, akitazama kila uso. Kulow hakuwamo. Mtu mmoja alisema aliuawa mwaka wa pili wa vita. Mwingine aliapa kwamba alimwona Kismayu, anaendesha lori la chumvi, amenenepa.

Rukiyo aliishika habari ya Kismayu. Nunow alimwachia.